Ikibiri cha Raisa

Jioni ile nilitoka kwenda kwa jirani yangu Mwanvua kuomba mafuta ya mawese, chupa ndogo tu, ya kukaangia ndagala, dagaa wa ziwani. Mjukuu wangu Raisa nilimwacha uani anafua. Niliporudi alikuwa bado anafua, povu mpaka kwenye viwiko.

Lakini ndani, kompyuta yake ilikuwa inaandika.

Tak-tak... tak... tak-tak-tak...

Nikasimama mlangoni na chupa yangu. Chumba kilinuka tope la ziwani, lile la chini kabisa, linalopanda na nyavu. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Vitufe vilishuka na kupanda vyenyewe. Chini ya kiti, sakafu ilikuwa imelowa.

Raisa nimemlea tangu mama yake afariki. Anaandikia watu wa mbali, asiowahi kuwaona. Wanatia makala zake kwenye blogu zao, wanamlipa. Namna ya kumwogesha mbwa. Namna ya kulala vizuri. Akinisomea tunacheka. Na alikuwa na utaratibu wake: akiamka tu, simu inafungiwa kwenye sanduku langu la vitenge, ufunguo naweka mimi. Makala moja kabla ya chai, mbili kabla ya adhuhuri.

"Bibi, hata nikilia usinipe."

Nami simpi.

Halafu malaria ikamlaza siku tisa. Makala zikalimbikana, ishirini nzima. Bwana mmoja wa huko, mwenye kumlipa, akaandika kwamba asipozipata upesi atatafuta mwingine. Raisa akakaa kizingitini, anatetemeka, anatazama ziwa.

"Bibi, nitaweza namna gani peke yangu?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamtania: "Si uite ikibiri."

Ikibiri ni kazi yetu ya shamba. Leo majirani wanakuja kwangu na majembe, kesho mimi naenda kwao. Hakuna kulipana pesa. Ni siku kwa siku.

Akacheka. Akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea majini: "Mwenye kujua kuandika aje anisaidie. Nitarudisha."

Tukacheka wote wawili. Ziwa likanyamaza... hata mawimbi.

Kulipokucha, makala mbili zilikuwa tayari. Nilidhani ameziandika na homa yake.

Sasa jioni hii ya mafuta nikamwita. Akaja na povu lake, akatazama vile vitufe. Hakushtuka. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka.

"Kumbe unajua."

"Tangu siku ya tatu. Bibi, iko anaandika vizuri kunishinda."

"Ni nani?"

"Anasema alikuwa karani. Mtumbwi wao ulizama upande wa Kabonga."

"Anakuambia kwa mdomo gani?"

"Anaandika chini ya makala. Mimi ninafuta kabla ya kutuma."

Vitufe vikatulia. Raisa akainama kusoma.

"Zimeisha zote."

"Na nini tena?"

"Anasema amenifanyia siku kumi na moja. Kesho magharibi zamu yangu inaanza." Akanong'ona. "Huko wako wengi, Bibi. Kila mutu na barua yake kwa watu wake. Mwenye kuandika ni yeye tu."

Nikakaa kwenye kile kiti. Baridi ikanipanda mgongoni kama maji.

"Amahoro, amani kwako, baba," nikaiambia hewa. "Huyu mtoto ni mimi niliyemwambia aite. Nichukue mimi. Ikibiri nimekwenda tangu msichana, sijawahi kukosa hata siku moja."

Tak... tak-tak... tak.

"Soma," nikamwambia.

Hakutaka. Nikamshika mkono.

"Anasema: murakoze, asante, bibi. Lakini wewe hujui kuandika."

Kesho yake magharibi Raisa akajilaza. Hajaamka. Anapumua. Kila alfajiri nywele zake zinakuwa mbichi, na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua. Daktari alisema malaria imepanda kichwani. Mwanvua alisema ameingiwa na majini, akalia.

Siku ya kumi na moja ilipita. Ya ishirini ikapita. Labda barua ni nyingi. Labda na wengine wameomba zamu.

Mwanvua ananifundisha herufi. Mkono wangu mzito, umezoea jembe. Jana jioni nilishuka ufukweni peke yangu, nikaandika kwa kidole kwenye mchanga, karibu kabisa na maji, ili wale wa chini waone kwamba sasa najua kuandika, wanichukue mimi: RAISA.

Wimbi likaja, likafuta, likarudi.

Pale pale mchangani palikuwa pameandikwa kitu kingine. Herufi tano, lakini si zile zangu. A niliijua. Zile nyingine bado sijazifikia. Nikageuka kumwita mtu anisomee... wimbi la pili likapita.