Mistari Ambayo Stumai Hakuiandika

Haya yalimpata rafiki yangu Stumai, katika ofisi yao ndogo ya programu pale Majengo, Songea.

Alikuwa anabuni ukurasa wa kuonyesha kumbukumbu za mfumo, yaani ile mistari ambayo programu hujiandikia kila inapotenda jambo. Wiki tatu nzima Muhsini, mwenzake wa kazi, alikuwa akiuponda ukurasa huo, na Stumai alishamchoka. Alasiri hiyo mvua kubwa ilinyesha, umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Akaendelea peke yake kwa chaji ya laptopu. Mara mstari mpya ukatokea: "Stumai amekunja uso."

Damu ikamchemka. Akaufuta. Ukaja mwingine: "Stumai amefuta."

Akampigia Muhsini simu. "We Muhsini, toka kwenye kazi yangu! Utani gani huu wa kijinga?"

"Kazi gani tena, dada? Mimi niko kwenye basi naenda Tunduru. Hata kompyuta nimeiacha nyumbani."

"Mwongo mkubwa!" Akakata simu, akazima intaneti, akaipiga meza ngumi.

"Stumai amepiga meza," ukurasa ukaandika.

Mvua ikaacha ghafla. Katika ukimya ule, kiti cha Muhsini kikalia nyuma yake, kama kinavyolia mtu anapokiegemea. Stumai akakaza shingo, asigeuke. Saa ya kompyuta ilionyesha tisa na dakika kumi.

Mstari wa mwisho, ambao tayari ulikuwa kwenye skrini, ulikuwa wa saa tisa na dakika kumi na moja: "Stumai amegeuka. Amemwona."