Vifungo Kwenye Kisosi

Saa moja asubuhi koplo alifungua kabati, akakuta kiango kitupu. Sare yake ya gwaride ilikuwa imeibwa, na saa tatu alitakiwa kusimama mbele ya bodi ya jeshi, iliyobakiwa na nafasi moja ya kumsomesha askari chuo kikuu. Bila sare huingii. Kuazima nako hakukuwezekana. Hawakumwita Mlingoti bure: hakuna sare ya mwenzake iliyomfika vifundoni. Mezani mwizi alikuwa ameacha vifungo vya shaba na beji, vimepangwa vizuri kwenye kisosi.

Sajini wa polisi jeshi alianza na jirani aliyewania nafasi hiyohiyo. Huyo alikiri waziwazi kwamba Mlingoti akikosa yeye atashukuru, lakini usiku kucha alikuwa lindoni na wenzake. Dobi naye alibanwa mpaka jasho likamtoka. Sare alishaikabidhi jana, kwa mama wa koplo, aliyeishi naye pale. Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufuta vumbi kwenye picha ya marehemu mwanawe mkubwa, naye askari.

Saa tatu ikapita, jamani, na jirani akapewa nafasi.

Sajini akarudi kukitazama kile kisosi. Mwizi wa kuuza angebeba shaba kwanza, na mwenye husuda angeichana sare palepale. Anayeng'oa vyuma kwa subira namna ile anataka kuitunza nguo miaka mingi, isishike madoa ya shaba.

"Mama," akasema taratibu, "nguo za marehemu umeziweka wapi?"

Mama hakubisha. Alivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda chake. Ndani zililala sare mbili, ya mkubwa na ya mdogo, hazina kifungo hata kimoja.

"Mkubwa walimsomesha hivihivi," akasema. "Kisha wakamdai miaka kumi ya utumishi. Wa tatu haukuisha, wakaniletea sare. Huyu sikutaka wamfunge kwa mkataba kama ule."

Koplo alikaa sakafuni. "Mama, mkataba wa miaka kumi nilishautia saini mwezi uliopita, nipate chuo nisipate. Sikukwambia, nisikutie hofu. Chuo kingeniweka hapa mjini miaka minne. Aliyekosa anakwenda mpakani, kwenye mapigano, Jumatatu."

Sajini alivua kofia.

Mama akaleta kisosi, sindano na uzi ili arudishe vifungo. Tundu la sindano halikuonekana kwa machozi. Mwishowe koplo akaichukua sindano, akamtungia uzi.