Kabati la Masista wa Toledo

Maravillas, mke wa binamu yangu Fermín, alikuwa mcheshi kuliko wote kwetu Albacete. Siku waliyokwenda kutembea Toledo, ndiye aliyewachekesha wenzake njia nzima. Asubuhi walizunguka kanisa kuu, wakapiga picha darajani, wakala kwale wa mchuzi. Mchana jua likawaka, maduka yakafungwa, Fermín akajitupa kwenye benchi la kivulini.

"Miguu imekufa," akasema. "Nikiona mtakatifu mwingine nitamwomba anibebe."

"Pumzika, mzee wangu. Mimi na Rocío tunafuata vitamu vya lozi kwa masista."

Rocío, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka sita. Mama na mwana walipanda kichochoro wameshikana mikono, wakakuta mlango wa monasteri wazi. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi wa kisima. Ukutani palikuwa na kabati la mbao la kuzunguka: mnunuzi anaweka pesa upande wake, sista aliyejifungia ndani analizungusha, kisanduku kinatokea. Hawaonani. Maravillas akavuta kengele.

"Salamu Maria," sauti ya kizee ikanong'ona nyuma ya mbao.

"Salamu, mama mtawa. Tunaomba vya lozi."

"Weka."

Akaweka noti. Kabati likazunguka polepole, likarudi na noti ileile. Imelowa.

"Si hiyo," sauti ikasema. "Mweke mtoto."

Maravillas akacheka, kicheko cha kujikaza. "Sijakusikia vizuri, mama."

Kisha kabati likazunguka tena, lenyewe. Akapapasa pembeni amshike Rocío mkono.

Rocío hakuwapo.

Akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakusikia hatua wala bawaba. Nyuma ya mbao, mtoto akacheka.

"Rocío!"

Akalisukuma kabati. Halikwenda. Akalisukuma kwa bega, akimwita Mungu, akimwita mwanawe. Upande wa pili kulikuwa na mtu analizuia. Mtu mwenye nguvu. Pumzi yake ilisikika, taratibu, kama ya aliyelala. Maravillas akakaza miguu sakafuni, akasukuma kama anayezaa. Kabati likaachia ghafla, likazunguka, na ndani yake alikuwamo Rocío, amejikunja, macho wazi.

Akambeba. Akaupiga mlango teke, ukafunguka. Hakutazama nyuma.

Fermín alikuwa hajamaliza sigara yake. "Mmerudi upesi hivi! Ziko wapi lozi?"

"Twende kwenye gari."

"Kuna nini tena?"

"Fermín, nakuomba. Twende."

Mji ukapotea nyuma yao, yakabaki mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Rocío alikaa nyuma. Baada ya mwendo mrefu akanong'ona:

"Mama, mbona ulikawia hivyo?"

"Nimekawia wapi, kipenzi? Ni dakika tu."

"Sista alisema hutakuja. Nililia, lakini baadaye nikazoea."

Maravillas akageuka kumtazama sawasawa. Vidole vya miguu vilikuwa vimetokeza nje ya viatu, mikanda imemkata nyama. Gauni lilikuwa limempanda mapajani. Rocío akapiga mwayo. Pale mbele, kwenye pengo la meno ya utoto yaliyong'oka wiki ileile, yalikuwa yameota mawili mapya, makubwa, yaliyokomaa.