Boti Aliyoikagua Salha

Vumbi la mnada wa Karatu lilikuwa limetanda hata wachoma nyama hawakuonekana vizuri, na hapo ndipo Modest, dereva wa watalii mwenye kombati za kaki, alipojikwaa kwenye mafungu ya kanga alizokuwa akiuza Salha na kummwagia supu.

"Dera langu la kijani hilo, kaka. Utalifua wewe."

"Nitalifua, mradi uwe karibu nikikuangalia."

Akalifua kweli, na kabla mwaka haujaisha wakawa wapenzi.

Shida ilianzia Tanga. Mtalii mmoja mzee alitaka kumwachia Modest boti yake ya matanga, ya kizamani, ya kuvukia bahari kuu, akaifanyie kazi Shelisheli. Modest ni mtu wa Ganako, huko Karatu, mbali na bahari. Akaikagua kama anavyokagua gari kabla ya kushuka kreta na watalii: akafungua injini, akanusa oili, akatafuta kutu, akaridhika. Kisha akampigia Salha simu ya video, maana Salha ni binti wa fundi boti wa Tanga, fundi ambaye bahari ilimchukua na hakuonekana tena.

"Dereva wangu, huko mbali injini si kitu. Nionyeshe mkuku."

Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya boti, ulikuwa mrefu, mzito, kutoka mbele hadi kwenye usukani.

"Sasa gonga pale nyaya za mlingoti zinapofungwa. Tena, mpenzi. Kwa nguvu."

Mlio ulikuja mkavu, wa mbao isiyooza. Boti ilikuwa nzima kabisa, na Salha alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini akaona miezi bila simu, akamwona mama yake alivyokaa eda bila maiti ya kuzika.

"Imeoza kwa ndani," alisema. "Itakuua. Rudi nyumbani."

"Una uhakika, Salha?"

"Naapa."

Modest alirudi macho mekundu, akaingia moja kwa moja dukani kwa Salha na kupiga goti mbele ya wateja.

"Ile kazi nimeiacha. Umeniokoa, Salha. Nimekuja kukuposa."

Akaweka pete juu ya vitenge. Salha alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanaume huyu alimwamini kuliko macho yake mwenyewe.

"Nilikudanganya," alisema, machozi yakilowesha mtandio. "Boti ni nzima. Niliogopa, Modest. Leo asubuhi nimempigia yule mzee mwenye boti nikamwomba asimpe mtu mwingine. Bado anakungoja."

Modest aliinuka, na wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja.

"Uliapa, Salha."

"Niliapa."

"Basi niambie ukiniangalia. Inafika Shelisheli?"

"Inafika."

"Na kurudi?"

Salha aliichukua ile pete, akajivika mwenyewe.

"Boti itarudi," alisema. "Wewe ndiye sijui."