Faili Limeshikwa na Bosi Guo

Ilianza na maneno madogo pembeni ya skrini. Injinia Lin Pei-chi alifungua mchoro wa nguzo za jengo jipya la shule, akakuta umeandikwa: Limeshikwa na Guo Mingde. Bosi Guo walikuwa wamemzika tangu mvua za masika.

Ofisi yao pale mjini Taichung ilikuwa na sheria moja. Faili la mtandaoni hushikwa na mtu mmoja tu: unalifunga kwa jina lako, unafanya kazi, unaliachia, ndipo mwenzako aingie. Bila hivyo watu wanafutiana kazi. Mvunjaji mkubwa wa sheria hiyo alikuwa bosi mwenyewe. Aliingia atakavyo na kupunguza nondo, maana chuma ni ghali, na ole wako umbishie.

Alipokufa, hakuna aliyethubutu kuliondoa jina lake kwenye mfumo. Kumfuta marehemu waliona ni kama kumfukuza nyumbani kwake. Wakaliacha hapo, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo ikawaponza.

"Dada Shufen, nani katumia jina la bosi?"

Shufen, karani wao, alikuwa mlangoni akipanga matunda, beseni la maji na taulo juu ya meza ya wageni wasioonekana. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa mizimu, wafu wanaporudi kuwatembelea walio hai.

"Usimtaje," akanong'ona. "Mwezi huu wanasikia."

"Jana niliweka nondo kumi na mbili kila nguzo. Leo ziko nane."

"Mwachie hizo nane, mdogo wangu. Akitosheka ataondoka."

"Mwanangu Anqi anasoma shule ile, dada. Jengo likiwaangukia watoto, huyo atakuwa ametosheka?"

Mkandarasi aliutaka mchoro jioni ile. Pei-chi alitengeneza nakala, akaandika kumi na mbili. Ikageuka nane mbele ya macho yake. Akaandika tena, na safari hii ikaja harufu ya mafuta ya mnanaa ambayo bosi alikuwa akijipaka kwenye paji la uso, ikaja taratibu kutoka kwenye kile kiti chake ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, na nyuma ya harufu ikaja sauti waliyoijua wote, krak, krak, ya mtu anayebangua mbegu za tikiti kwa meno huku akisoma kazi ya mwenzake, hata Shufen akaiachia sahani ya machungwa ikaanguka na asiiokote.

Shufen alichukua vile vipande viwili vya mbao vya kuwauliza wafu. Akauliza kama bosi ataliachia faili. Akavirusha. Vyote vikalala kifudifudi.

"Amekataa," akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi sikumwomba."

Pei-chi alikuwa anaogopa, lakini hasira ilikuwa imeipita hofu. Akafungua sehemu ya majina ya watumiaji. Akalitaja jina lote, kwa sauti, mwezi ule ule ambao wafu hawatajwi.

"Guo Mingde. Ulipokuwa hai nilikunyamazia kwa sababu ulikuwa unanilipa mshahara. Sasa hunilipi."

Akamfuta.

Krak ikakatika. Pei-chi akalifunga faili kwa jina lake, akaandika kumi na mbili, zikabaki kumi na mbili. Akautuma mchoro. Shufen akakaa chini, akalia kwa nafuu.

Hajamaliza kujifuta machozi, simu ya Pei-chi ikaita.

"Injinia Lin," akasema mkandarasi, "umenitumia michoro miwili. Huu wa pili una nondo nane. Nifuate upi?"

Pei-chi akatazama skrini. Limeshikwa na Lin Pei-chi. Mkono wake mmoja ulikuwa na simu, mwingine umeshika ukingo wa meza, na mshale ulikuwa unatembea wenyewe juu ya nguzo, moja baada ya nyingine.

"Fuata wa kwanza," akasema. "Na usimwage zege mpaka nifike. Nondo nitazihesabu mwenyewe, kwa kidole, leo na kila siku."

Akachukua kofia yake ya kazi. Alipofika kwenye kile kiti akasimama. Maganda ya mbegu yalikuwa yamejaa juu yake, bado mabichi kwa mate.

"Kule hakuna faili, bosi. Kuna chuma. Kama unaweza kukinyanyua, njoo."

Kwenye ngazi, nyuma yake, mtu akatema ganda. Pei-chi hakugeuka, wala hakukaza mwendo.