Mkono wa Musab

Ijumaa baada ya sala, kituo cha metro cha Union, Dubai, hufurika kama harusi isiyo na kadi. Wahid, kanzu imenyooka kwa pasi na kofia ya viua imelala upande, alikuwa anawahi kurudi chumbani kwao, mtaa wa International City. Mlangoni akakuta meza ya kupima presha bure, na nyuma ya meza msichana wa buibui lenye tarizi ya fedha mikononi na raba nyeupe miguuni.

"Kaka, njoo nikupime."

"Mimi mzima, dada. Napakia magunia bandari ya Hamriya siku kutwa. Presha ni ya wenye vitambi."

"Nani kakwambia presha inachagua tumbo? Hebu lete mkono."

Kiunguja kitupu! Wahid wa Mombasa akakaa kama aliyeitiwa biriani. Mashine ikakaza, ikalegea. Mia na sabini. Msichana akamwacha apumzike, akapima tena. Ile ile.

"Wewe ndiye uliyeipandisha," Wahid akatania.

"Ningekuwa mimi ungeshapona. Nenda kliniki wiki hii, usingoje kuumwa. Hii haiumi, ndio ubaya wake."

"Nikishaenda, nani nimpe habari?"

Akacheka, akampa namba ya simu. Jina lake Huda, muuguzi, mzaliwa wa Dubai kwa wazee wa Unguja.

Mapenzi yakanoga, simu zikapigwa mpaka zikachemka. Wahid akaenda kliniki kweli, akapewa vidonge. Lakini chumba chao kilikuwa na wanaume sita, na wanaume sita wana madaktari saba.

"Hivyo vidonge vinamaliza uanaume, bwana!"

"Utaoa, halafu ulale kama mkeka?"

Wakaangua kicheko. Wahid akacheka nao, kisha akavizika vidonge chini ya soksi. Mjomba wake alikuwa ameshampigia baba yake Huda kuhusu posa. Hakutaka kuingia nyumba ya watu akiwa mgonjwa, sembuse mkeka.

Huda akamnunulia mashine. "Kila Ijumaa nitumie picha ya namba, habibi."

Namba ya kwanza ilimtisha, hakuituma. Akamgeukia Musab, rafiki yake wa kitanda cha juu na mpakiaji mwenzake, mwembamba, mchezaji mpira, mpenda sigara.

"Nipe mkono."

"Mapenzi ya mashine haya! Yalla, pima."

Namba za Musab zilikuwa za kupendeza. Huda akapiga simu papo hapo.

"Dawa imekukubali, mpenzi wangu!"

"Imenikubali, nyonda."

Wiki zikapita, namba za Musab zikaanza kupanda kidogo kidogo. Wahid akawa anachagua iliyo afadhali. Halafu Ijumaa moja mashine ikaonyesha mia na tisini na kitu. Wahid akaduwaa. Akisema, Musab atapelekwa kwa Huda, na Huda atauliza mashine ya Wahid inatafuta nini kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Vipi?" Musab akauliza, anasugua shingo.

"Betri imekufa."

"Ibadilishe basi, shemeji yangu atanuna."

Wahid akatuma picha ya zamani.

Jumanne Musab akaanguka bandarini katikati ya makatoni, jasho linamtiririka, mkono umekamata kifua. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Madaktari wakauzibua, akanusurika.

Huda akaja hospitali mbio, mtandio umemteleza. "Masikini Musab! Jamani, hakuwahi kupimwa hata mara moja?"

Wahid akatazama kandambili zake. Angeweza kusema hapana.

"Alipimwa. Namba zote nilizokutumia ni za kwake."

Huda hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa. "Na ya Ijumaa?"

"Mia na tisini. Nikamwambia betri imekufa."

Kofi lingekuwa nafuu. Huda alikaa chini polepole.

"Kwa nini, Wahid?"

Akamwambia habari ya vidonge, chumba, mkeka. Aibu ilimfanya anong'one.

"Presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu huko unakokuogopea," Huda akasema, machozi yanamtoka. "Na dawa ikikusumbua, daktari hukubadilishia. Ungeuliza tu! Mimi nimepima wazee wangapi, nitakucheka wewe?"

"Nisamehe."

"Si mimi. Nenda kamwambie mwenye mkono."

Musab alikuwa amelala na waya kifuani. Alipomwona akatabasamu. "Mwanangu, ile betri ulibadilisha?"

Wahid akashika ukingo wa kitanda, akasema yote, hakujipunguzia hata neno. Musab akageuza uso ukutani. Wahid akatamani atukanwe.

Huda akaingia, ameazima mashine kwa muuguzi wa zamu. Akavuta kiti.

"Kunja mkono wa kanzu. Leo nataka wako."

Wahid akakunja. "Na posa, Huda?"

"Mjomba wako asubiri. Umeze dawa kwanza, ukapimwe kliniki, nikuone. Halafu tutazungumza. Na hao madaktari wa chumbani kwenu, Ijumaa nawataka wote wapange foleni."

Hakutabasamu, ila alimfunga mkanda wa mashine kwa uangalifu, vidole vyake vikakaa kidogo juu ya mshipa.

Kitandani Musab akageuka, macho mekundu, akamtazama Wahid.

"Kaza, dada," akasema. "Kaza mpaka alie."