Mfuniko wa Pipa la Wifi

Asubuhi ile, ndugu zangu, ua ulikuwa umetulia. Fundi alikuwa kibarazani akikanyaga cherehani. Upande wa pili wifi yake, dobi, alisugua mashuka. Kati yao lilisimama pipa la maji la dobi, juu yake mfuniko wa bati aliouazima kwa fundi.

Mara mteja akaja akicheka. "Fundi, wifi yako anasema kila gauni unaloshona linazaa mto. Ati vitambaa unavyotuibia ndivyo unavyolalia."

Fundi aliacha cherehani yake. Alishuka, akanyanyua mfuniko wake, akaondoka nao.

"Wifi, na pipa langu je?"

"Pipa ni lako. Mfuniko ni wa mwizi. Usije ukashika cha wizi ukaaibika."

Dobi naye, kwa kiburi, hakutafuta hata gunia la kufunikia. Alitaka majirani waone alivyonyang'anywa.

Yangeishia hapo, maana mawifi hawakuanza kugombana leo. Lakini wiki ileile mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba. Kuna kirusi kipya, alisema, kinaenezwa na mbu. Kinaleta homa na kukamata viungo, na dawa yake haijapatikana. "Funikeni maji. Mbu huyu huzaliana kwenye maji yaliyotulia, tena anauma mchana."

Fundi alisikia yote, akayachuja, akabaki na aliyoyataka. Siku chache baadaye alichungulia pipani, akaona viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga. Moyo wake ukaburudika.

"Mke wangu, mrudishie dada yangu mfuniko," mumewe alimsihi. "Mbu haulizi huyu ni nani."

"Mimi nina chandarua. Yeye ana mdomo, autumie kuwafukuza."

Ndugu msomaji, chandarua hutundikwa kitandani, na fundi hakushonea kitandani. Mchana kutwa miguu yake ilikuwa kwenye kivuli cha cherehani, hatua sita kutoka pipani. Alipowashwa, alijikuna kwa kidole cha mguu wa pili, akaendelea kukanyaga.

Dobi ndiye aliyetangulia kuugua. Fundi alimsikia akiguna ndani, akashona huku akiimba. Baada ya wiki dobi alirudi kwenye beseni lake, na siku hiyohiyo fundi akaanguka.

Homa ilimwacha. Vidole vyake ugonjwa haukuviachia. Huu ni mwezi wa nne hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Sare za shule alizoahidi zilichukuliwa bila mikono wala kola, zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Juzi dobi alikuja akasimama mbele yake.

"Wifi, sasa naweza kuuchukua ule mfuniko?"

"Chukua."

"Njoo basi unisaidie kuunyanyua."

Fundi alitazama vidole vyake. Dobi aliunyanyua kwa mkono mmoja. Alimwaga maji yote, akasugua pipa mpaka chini, akalijaza upya na kulifunika kwa kishindo.

FUNZO

Mbu hajui nani alianza. Mwaga maji yaliyokaa, sugua chombo, kifunike, hata kama ni cha mtu msiyesalimiana naye. Jikinge na mbu mchana pia. Mwenye kukuvunjia heshima mwambie usoni. Usimtumie ugonjwa, kwa sababu utapitia kwako. Mimi naamini mawifi hawa watakuja kusalimiana. Kuhusu vidole, sijui.